Mtoto Asiye na Upande

Mapatano huhitaji pande mbili, na ili mtu ahesabiwe kuwa upande ni lazima awe na kitu anachoweza kukitoa au kukizuia: mali, kura, jamaa wengi, silaha, au walau ulimi unaosikilizwa barazani. Mtoto hana hata kimoja kati ya hivyo. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na ukatili dhidi yake ni kila tendo au uzembe unaomdhuru mwili, akili au utu. Fasili hizo zinatosha na hazihitaji kuzungushwa hapa. Lililo gumu ni kujua kama haki inayopatikana kwa mapatano inaweza kweli kumfikia yule ambaye, kwa hali yake yenyewe, hawezi kuwa upande.

Swali hilo limechochewa na kifo. Mnamo Januari 2025 iliripotiwa kutoka Kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwamba msichana wa miaka 17, mkimbizi aliyetoka katika kambi za Dadaab katika kaunti jirani ya Garissa, aliuawa na mwili wake ukachomwa moto baada ya kukataa kuwa mke wa mwanamume wa miaka 55. Washukiwa walikamatwa, na hatia yao ni jambo la mahakama. Kinachohusu falsafa ni kwamba watetezi wa haki, pamoja na kudai uchunguzi, walilazimika pia kudai kwamba kesi hiyo isimalizwe kwa maslaha, yaani suluhu ya wazee ambamo ukoo wa mkosaji huulipa ukoo wa aliyekosewa na shauri likafungwa. Kwamba dai kama hilo lilihitajika kutolewa ni udhalimu wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa sababu linaonyesha kuwa katika sehemu hii ya nchi mauaji ya mtoto hayabaki kuwa mauaji mpaka watu wayapiganie yabaki hivyo.

Utaratibu wenyewe si wa kubahatisha. Chini ya xeer, ambayo ni sheria ya mila ya Wasomali inayopokezanwa kwa mdomo, kila mwanamume ni mmoja wa kundi la jamaa wanaochangiana kulipa na kupokea diya, ambayo ni fidia ya damu. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambalo wazee na maofisa wa serikali wa kaskazini mwa Kenya walilikubali ili kuzima vita vya malisho na wizi wa mifugo, liliweka kiwango cha ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Wengi wameishutumu nusu hiyo, na shutuma ni ya haki. Lakini hata kama azimio lingeandika 100 kwa wote, tatizo la mtoto lingebaki palepale. Diya hulipwa kwa ukoo unaoweza kulipiza kisasi, na thamani yake ni thamani ya vita vinavyoepukwa. Mtoto aliyeuawa na wageni huacha nyuma yake ukoo wenye hasira, na kwa hiyo kifo chake kina mdai. Mtoto anayeteswa au kuuawa ndani ya nyumba, na baba, mjomba, mama wa kambo au mume aliyechaguliwa na hao hao, hana mdai, kwa kuwa mlipaji na mlipwaji hukutana katika zizi moja na ngamia hutoka kwa mlango mmoja na kurudi kwa mwingine. Mfumo uliojengwa kuzuia vita kati ya koo hauna la kusema pale ambapo hakuna vita vinavyotishia.

Hoja inayorudishwa mara kwa mara dhidi ya msimamo huu, kwamba maslaha hayawezi kumlinda mtoto, na inayoudhi kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli, ni kwamba serikali haina haki ya kimaadili kuwafundisha watu wa Wajir namna ya kulinda watoto. Serikali hiyo, inasemwa, iliiweka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya zamani, ambayo Wajir ilikuwa sehemu yake, chini ya sheria za hali ya hatari tangu siku za kwanza za uhuru hadi mwaka 1991. Ndiyo iliyowakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla mnamo Februari 1984, ikawaacha juani bila maji na kuwaua, kisha ikataja mwanzoni vifo 57 ilhali wenyeji huhesabu maelfu. Na leo ingali inawaomba watu hao hao wapeleke mabinti wao kituo cha polisi kujaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Nani ampeleke mtoto kwa aliyemwua babu yake?

Maumivu yaliyomo katika hoja hii hayapaswi kupunguzwa hata kidogo. Lakini ni lazima iulizwe inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba watu wazima wa Wajir wana sababu ya kutoiamini dola; haithibitishi kwamba msichana wa Wajir ana sababu ya kumwamini mjomba wake. Hoja inachukua dhuluma waliyotendewa wazee na kuigeuza kuwa mamlaka ya wazee juu ya mtu wa tatu, ambaye hakushauriwa katika dhuluma ile wala katika mamlaka haya. Dhuluma humpa aliyedhulumiwa dai juu ya dhalimu, na haimpi umiliki wa mtu mwingine aliye dhaifu kuliko yeye. Ingekuwa kinyume, kila aliyewahi kupigwa angekuwa na haki ya kupiga nyumbani kwake, na hilo hakuna mzee yeyote atakayelitetea akiulizwa waziwazi.

Wapo wanaoisogeza hoja hiyo mbele na kusema kuwa maslaha si mila tu bali ni dini. Hapa ndipo kero inapozidi, kwa maana fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, yenyewe inashuhudia kinyume. Mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu chake al-Mustasfa, aliyafunga masilahi ya sheria katika kuhifadhi mambo matano, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi ya mtoto imo humo kwa ukamilifu, na mali, ambayo ngamia ni sehemu yake, imewekwa mwisho. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi, wakiwemo Mashafii ambao madhehebu yao hufuatwa Wajir, walisema baba hauawi kwa kisasi kwa kumwua mwanawe. Lakini hawakusema kwamba hana hatia, wakamwachia kadhi kumwadhibu, wakamtoza diya, na wakamnyima urithi wa aliyemwua ili asinufaike na damu hiyo. Kanuni hiyo ya mwisho inastahili kutafakariwa barazani, kwa kuwa inatambua hatari ambayo maslaha ya nyumbani huifumbia macho, kwamba fidia ya mtoto inaweza kuishia mkononi mwa wale wale waliomwangamiza. Hata nikahi, kwa masharti yake, inamhukumu anayejificha nyuma yake: inataka walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na mashahidi wawili, basi ndoa ya mtoto ni kosa ambalo kwa lazima lina watu wazima waliolijua kabla halijatendeka.

Si kila pingamizi lina sura hiyo. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 55,000, mahakama ziko mbali na ushahidi hupotea njiani, na wanaosema kwamba kesi ya miaka mingi ni adhabu kwa familia maskini wanasema kweli.

Ni haki pia kukumbuka kwamba mapatano yamewahi kufanya makubwa Wajir, na mada hii haiwezi kupitwa bila kusimama kidogo mbele ya wanawake wa mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vita vya koo vilipokuwa vimeingia mpaka sokoni, ambapo mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kumuuzia maziwa mwanamke wa ukoo mwingine, kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, kilianza kwa kuhakikisha kwamba soko liko wazi kwa kila muuzaji na kila mnunuzi, kisha kikawafuata wazee, vijana na maofisa mmoja mmoja, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la amani la Al Fatah. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na alifariki mwaka 2011. Linalovutia katika kazi ile ni kwamba waliokuwa hawana upande, kwa kuwa mwanamke hakuwa na kiti katika kikao cha wazee, walijitengenezea upande kwa kutumia kitu walichokuwa nacho, yaani soko, ambalo bila wao lingekufa. Walikuwa na la kuzuia, ndiyo maana walisikilizwa. Mtoto hana soko. Hata akikataa, kama yule wa Januari 2025 alivyoripotiwa kukataa, kukataa kwake hakumzuii yeyote kupata anachokitaka isipokuwa mtu mmoja, na kumkasirisha mtu huyo ndiyo hatari yenyewe.

Jibu la kawaida ni kwamba dola imeshaufanya upande wa mtoto kuwa wake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka masilahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 159 kinaruhusu njia za jadi za kusuluhisha migogoro lakini kinazikataza zinapokiuka haki za msingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Na nambari ya simu 116 hupigwa bila malipo na yeyote anayetaka kuripoti ukatili dhidi ya mtoto. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka kuondoa kesi ya mauaji kwa sababu familia mbili zilikuwa zimesuluhishana kwa mila na dini na mifugo imelipwa. Aliyeuawa katika kesi ile hakuwa mtoto, lakini uamuzi ule ulionyesha kwamba mlango ambao Katiba iliufunga kwa maneno unaweza kufunguliwa kwa mazoea, na anayeufungua ni dola yenyewe.

Wala wingi wa ofisi hautoshi. Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Côte d'Ivoire, alifariki London Februari 2000 kwa mateso ya shangazi ya baba yake aliyekuwa akimlea na mwenzi wa mwanamke huyo, na uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti mwaka 2003, ulihesabu nafasi 12 ambazo idara mbalimbali zingeweza kumwokoa. Hospitali ilimwona, polisi walijua, maofisa wa ustawi wa jamii walikuwa na faili lake. Kila ofisi ilidhani kwamba nyingine ndiyo inayomshika mtoto. Wajir hali ni kinyume chake na matokeo ni yale yale: ofisi ni chache, lakini majirani, shemeji, walii na chifu wanajua, na kila mmoja ana udugu unaomzuia kusema.

Kwa hiyo ugumu hauondoki kwa kuchagua mahakama badala ya wazee, ingawa kwa mauaji na unajisi uchaguzi huo hauna budi kufanywa. Siku mshtakiwa anapopelekwa gerezani, wadogo wa marehemu hubaki wakihitaji chakula, karo na mtu wa kuwaita mama, na anayepatikana kuwapa hivyo ni ukoo ule ule ulionyamaza, kwa kuwa afisa wa watoto ana faili lakini hana nyumba. Kumtenga mtoto na ukoo ni kumpokonya ulinzi pekee anaoujua, na kumrudisha ni kumkabidhi kwa watu ambao wameshaonyesha thamani waliyomwekea. Haijulikani bado ni nani, kati ya hao, anayeweza kuapa mbele ya kadhi au hakimu kwamba yuko upande wa mtoto na kiapo hicho kikamgharimu kitu.