Dekano na Watu Wake Kumi

Katika Kanisa Katoliki hapa nchini, padri asimamiaye parokia kadhaa zilizo jirani huitwa dekano. Katika vyuo vikuu, mwenye cheo cha asili hiyo hiyo twamwita Mkuu wa Kitivo. Vyeo hivi viwili vimetoka katika neno moja la Kilatini, decanus, ambalo halina maana ya ukuu hata kidogo. Maana yake ni mtu mwenye watu kumi.

Vegetius, aliyeandika juu ya jeshi la Rumi, alilitumia kwa askari aliyeongoza wenzake kumi wa hema moja. Huyo hakuwa jemadari. Bila shaka alikijua kikohozi cha kila mmoja usiku. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto wa Nursia akaliingiza neno hilo katika monasteri. Kanuni yake, sura ya 21, yaagiza kwamba wasimamizi hao wachaguliwe kwa mwenendo wao na hekima ya mafundisho yao, wala si kwa kutazama nani alitangulia. Na atakayejivuna aonywe hata mara tatu, asipojirudi aondolewe. Linalostahili kutafakariwa zaidi limo katika sura ya 65. Humo Benedikto aogopa kuwapo msaidizi mmoja mwenye nguvu chini ya abati. Aona heri kazi igawanywe kwa madekano wengi, ili asipatikane mmoja wa kupanda kiburi. Cheo hiki, basi, kilipendwa kwa udogo wake.

Baadaye kilikua. Makanisa ya maaskofu huko Ulaya yakawa na madekano, na katika karne ya 13 vitivo vya Chuo Kikuu cha Paris navyo vikawa nao. Hesabu ya kumi ikasahauliwa.

Sisi tulipolitafsiri kwa ajili ya vyuo, tuliandika "mkuu". Tafsiri hiyo yafaa kwa kazi ya ofisi, lakini imechukua kimo cha cheo ikaiacha hesabu yake. Mwanafunzi asikiapo "Mkuu" hujiandaa kungoja mlangoni. Twaweza kujibiwa kwamba mwenye wanafunzi elfu mbili hawezi kuwajua kama askari wa hema moja. Ni kweli. Lakini je, mtu aweza kuwa na mamlaka ya haki juu ya watu asiowajua? Katika kitabu cha Kutoka, Yethro alimshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Alikubali kwamba maelfu wahitaji mkuu, ila hakumfuta yule wa kumi.

Kwetu Tanzania jambo hili lilikuwapo bila ya Kilatini. TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi alijua nani mgonjwa, nani amepokea mgeni, ndoa ipi ina ugomvi. Wako walioona kuwa hilo ni jicho la dola mlangoni, na hawakukosea kabisa: kumjua mtu kwa karibu kwaweza kuwa kumtunza, kwaweza pia kuwa kumpeleleza. Lakini tukipima kwa asili ya neno, balozi yule aliyeamua kesi ya kuku na mpaka wa shamba, akiwa ameketi kigodani, astahili kuitwa dekano kuliko wengi waliovaa majoho.