Kombe za Bibi



Likizo iliyopita nilikuwa kwa bibi yangu, rasi ya Fumba, Unguja. Ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, siku za bamvu. (Anayefuata kalenda ya Hijri hahitaji kuuliza: bamvu huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu.) Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali sana. Nilizunguka na kikapu, nikarudi na kombe na chaza wachache, nimefurahi. Bibi akatia mkono kikapuni, akatoa kombe moja.

"Hii nayo umeihesabu, mjukuu wangu?"

Walipokuwa wasichana, alisema, ya ukubwa ule ilirudishwa mchangani. Nilichokiona neema, yeye alikiona masalio. Ni nani kati yetu aliyeiona bahari?

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa fani yake huichukua bahari kiliyoikuta kuwa ndiyo ya asili, kikapimia hapo. Hasara ya waliotangulia haihesabiwi tena.

Niliporudi chuoni Kampala tulibishana chumbani. Sisi Mashafii wa pwani hula kombe bila wasiwasi, tukitegemea aya ya 96 ya Suuratul-Maaida. Mwenzetu Mhanafi katika vya baharini hali ila samaki. Mwingine akakata maneno: "Kama kwenu ni halali, tatizo liko wapi?" Swali zuri, nami sikuwa na jibu usiku ule. Sasa naona hukumu ya halali inajibu kuhusu kilichomo mkononi. Kilichobaki mchangani kinaulizwa kwa mlango mwingine, mlango wa amana. Na mtu atairudishaje amana kamili ikiwa hajui alikabidhiwa kiasi gani?

Kwa hiyo kukumbuka nako ni wajibu. Maulamaa wetu wa hadithi hawakupokea habari bila kuuliza imetoka kwa nani, naye aliipata wapi. Bibi ameshuhudia kwa macho yake, lakini tunampuuza kwa kusema wazee huona vya zamani vyote vilikuwa vikubwa. Nakubali, kumbukumbu huongeza chumvi. Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi.

Shahidi wa pili nilimkuta nyuma ya jiko, kabla sijaondoka: lundo la makaka ya kombe zilizoliwa miaka na miaka. Nilifukua hadi chini, nikayapanga kando ya yale ya kikapu changu, nikapima kwa rula. Hakuna hata moja langu lililoyafikia ya chini. Hilo halithibitishi habari ya pwani nzima, ila lilinitosha kumwamini bibi.

Niliandika daftarini tarehe, mahali, urefu, na jina la aliyenisimulia. Bibi akacheka, akasema nimechezea makaka mpaka maji yamejaa.