Kopo la Mkaa na Haki ya Maskini

Mji wa Dar es Salaam wakua upesi. Mwaka 2012 walihesabiwa watu 4,364,541. Mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Kadiri mji unavyopanuka, misitu ya karibu yazidi kukwisha, na mkaa hauna budi kuletwa kutoka mbali. Gharama ya safari hiyo humwangukia nani?

Mwenye fedha hununua gunia zima, au mtungi wa gesi. Mama aishiye kwa kibarua hununua kopo moja leo, na kesho jingine. Ukijumlisha makopo yake, amelipa kuliko yule wa gunia. Hivyo aliye na kidogo ndiye atozwaye zaidi kwa moto ule ule.

Serikali imeazimia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Azimio hilo ni jema. Lakini kumkataza maskini mkaa bila kumwezesha kununua gesi kidogo kidogo, kwa kadiri ya pato lake la siku, ni kumtwika peke yake mzigo wa kuilinda misitu. Misitu ni yetu sote, ndugu wasomaji. Basi na gharama ya kuihifadhi yatupasa tuichukue sote.