Pikipiki Iliyozeeka: Tuiuze au Tubaki Nayo?



Swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi hapa Nakivale, na si swali dogo. Tangu sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ituruhusu kufanya kazi na kutembea, bodaboda imelisha watoto wengi. Pikipiki ndiyo shamba, ndiyo duka, na usiku wa manane ndiyo gari la wagonjwa. Lakini sasa imezeeka. Inatoa moshi wa bluu, maana yake inakula oili. Asubuhi inapigwa kiki mpaka mguu unauma. Kila wiki fundi anadai kitu: leo cheni, kesho klachi. Baba anasema tuiuze kabla haijafa. Mama anauliza, tukiiuza tutakula nini? Kijana anayeiendesha ananyamaza, maana ndiyo kazi yake pekee. Je, Mkristo aamue namna gani?

Wengine watasema haya ni mambo ya biashara, kanisa lisiingie. Lakini palipo na chakula cha watoto na uhai wa jirani, neno la Mungu lina la kusema.

Kwanza, tuhesabu

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kukaa chini na kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme pikipiki inaingiza shilingi 25,000 kwa siku, na petroli inachukua 10,000. Zinabaki 15,000. Kama ingefanya kazi siku 6 kwa wiki, ingekuwa 90,000. Lakini siku 2 iko kwa fundi, basi ni 60,000. Kwa wiki 4 ni 240,000. Toa 100,000 za spea na fundi, inabaki 140,000. Kama mtu anatoa 1,500,000 kuinunua, hiyo ni karibu pato la miezi 11. Swali linakuwa rahisi: je, itafika miezi 11 bila kufungua injini?

Kila nyumba iandike hesabu yake yenyewe kwa mwezi mmoja. Wengi wataona kwamba pikipiki waliyodhani inawalisha, wao ndio wanailisha. Wengine wataona kinyume: kelele ni nyingi lakini bado inaleta unga nyumbani. Na yule anayetaka kuuza aandike pia fedha itakwenda wapi. Fedha isiyo na mpango huliwa katika wiki chache, na baada ya hapo hakuna pikipiki wala fedha.

Pili, mambo ya moyo

Sisi tuliacha nyumba, mifugo na mashamba. Kwa hiyo kuachia kitu kingine kunauma kuliko anavyojua mtu aliyekaa kwao maisha yote. Pikipiki hii labda ilikuwa mali ya kwanza baada ya kukimbia. Ilimpeleka mama kujifungua. Si dhambi kuipenda. Ibrahimu naye alikuwa mgeni katika nchi, na bado alinunua shamba kwa shekeli 400 za fedha (Mwanzo 23).

Lakini tukumbuke nyoka wa shaba. Mungu alimtumia kuokoa watu jangwani. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Chombo kilichotumika kutuokoa jana si lazima kibaki milele. Shukrani ni ya Mungu, wala haipungui chombo kikiuzwa. Tena, kunyang'anywa na kuuza si kitu kimoja. Kule hatukuulizwa, hapa tunaamua wenyewe.

Kuna na kosa la upande wa pili: kuuza kwa haraka kwa sababu ya tumaini la safari. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari zikafutwa, na kati ya waliokuwa wakingoja ndege wako waliokwisha kuuza vyombo vyao. Tumaini ni jema, ila tumaini la safari si tarehe ya safari. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko (Yeremia 29:5).

Tatu, yule anayenunua

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Kutoka 21:29 inasema juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, na mtu akafa, damu iko juu yake. Sheria inauliza neno moja: je, ulijua? Basi wewe unayejua kwamba breki ya nyuma haishiki kwenye mteremko, au kwamba fremu ilipasuka ikaunganishwa na kupakwa rangi, unajua desturi ya ng'ombe wako.

Mtu atajibu: mnunuzi ana macho, aje na fundi wake. Tena yeye naye anadanganya, anasema ni mbovu ili apunguze bei, kisha anakwenda kujisifu, kama Mithali 20:14 inavyosema. Nikisema kweli nitapata nusu ya bei, na watoto wangu wana njaa, hasa sasa posho ya chakula ilivyopunguzwa.

Hilo si jibu la mtu mbaya, ni jibu la mzazi. Lakini fikiri juu ya abiria. Mnunuzi alikuwepo wakati wa bei, abiria hakuwepo. Yule mama atakayepanda na mtoto mgongoni hakuulizwa kitu, wala hakuleta fundi. Bei uliyoongeza kwa kunyamaza, ni yeye anayeweza kuilipa, tena si kwa shilingi. Kwa hiyo sema wazi mambo matatu: hali ya breki na fremu, hali ya injini, na kama kadi iko kwa jina la nani.

Na sheria hiyohiyo inamshika anayebaki nayo. Kuweka pikipiki isiyo na breki barabarani kwa sababu hatukuiuza si utakatifu. Kama haiwezi kutengenezwa, iuzwe vipande kama spea, asipande mtu tena.

Nne, kijana

Ng'ombe apurae nafaka asifungwe kinywa (Kumbukumbu 25:4). Aliyeiendesha katika vumbi na mvua akae kwenye kikao cha familia, na fedha ikipatikana awe na sehemu ya kuanzia kazi nyingine.

Basi tunaona hivi: kama hesabu inaonyesha faida na breki ni nzima, itunze bila aibu hata ikichekwa. Kama inakula kuliko inavyoleta, iuze kwa ukweli, ukijua kwanza fedha inakwenda wapi. Bei ya ukweli inaweza kuwa ndogo, lakini utakutana na mnunuzi Jumapili kanisani na kumpa mkono.

Bwana awape hekima katika nyumba zenu. Amina.