Jina Si Jibu

Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi mkoani Songwe, ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Ndiyo maana ukikisogezea sumaku, inanasa. Mmoja atasema, "Ni maajabu ya Mungu." Mwenzake atamkata, "Ni sumaku tu." Wanadhani wanapingana, kumbe kosa lao ni moja: kila mmoja ametaja jina, akaona amemaliza kueleza.

Jina ambalo Wazungu wengi huiitia sumaku kwa kawaida huhusishwa na Magnesia, katika nchi za Wagiriki wa kale, yalikopatikana mawe yanayovuta chuma. Linataja jiwe lilikotoka, halisemi linavutaje. Nalo jina la Kimondo cha Mbozi hutaja kilipoangukia tu. Kuhusu jina hilo la Wazungu, mwandishi Pliny wa Roma alisimulia habari za mchungaji Magnes, ambaye misumari ya viatu vyake ilinata ardhini. Thales, mwanafalsafa wa Kigiriki, alisemekana kudai kwamba jiwe la sumaku lina roho, kwa kuwa linasogeza chuma. Hapo fumbo lilibadilishiwa jina, halikufumbuliwa. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alieleza jinsi alivyochonga sumaku ikawa tufe, akapitisha sindano juu yake, akaona inageuka kama ya dira. Akahitimisha kwamba dunia yenyewe ni sumaku. Wahunzi wa Kinyiha wa Mbozi nao hawakupata chuma kwa kukitaja, bali kwa tanuru na moto.

Mwenye dini atauliza: je, Kurani haisemi kwamba Mungu alimfundisha Adamu majina yote? Inasema, lakini mwalimu wake alikuwa Muumba mwenyewe. Na katika kitabu cha Mwanzo, wanyama waliletwa kwanza mbele ya Adamu ndipo akawapa majina. Kuona kulitangulia kutaja. Mwanasayansi naye atadai kwamba neno sumaku leo limebeba vipimo na hesabu za elektroni. Ni kweli, kwa anayezijua. Anayelitamka ili kufunga mjadala hajabeba hata moja. Wala kutafuta sababu hakumpunguzii Mungu utukufu. Anayeamini kwamba ulimwengu ni kazi yake ndiye anayepaswa kuuliza zaidi, kwa maana kumsifu fundi bila kuitazama kazi yake ni sifa ya mdomoni tu.