KIPANDO CHA RAHA NA MWENYE KUKIPANDA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyewatiishia wanaadamu vipando vya bara na bahari, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Limezidi kuulizwa mabarazani suala la motokaa za fahari. Muislamu aliyeruzukiwa mali akinunua motokaa ya thamani kubwa, hali iko ya thamani ndogo imfikishayo pale pale, je, amefanya israfu? Na akipita nayo mbele ya watu waendao kwa miguu, je, amefanya kiburi? Wako waliojibu kwa haraka kuwa ni haramu, na wako waliojibu kwa haraka zaidi kuwa hapana neno, mali ni yake. Majibu yote mawili ni mepesi, na suala lenyewe lina uzito.

Kwanza kifahamike kitu kinachosemwa. Motokaa aliyoiandikisha Karl Benz huko Ujerumani mwaka 1886 ilikuwa na magurudumu 3 na haikuwa na paa, na mwenye kuipanda hakupata raha kubwa kuliko mwenye kupanda punda. Tangu hapo watengenezaji wameshindana si katika kumfikisha mtu tu, bali katika kumsahaulisha kuwa yumo safarini. Mwaka 1989 Wajapani wa Toyota walitoa motokaa waliyoiita Lexus LS 400, na katika tangazo lake bilauri zilipangwa ghorofa juu ya boneti, magurudumu yakazungushwa kwa kasi kubwa, wala bilauri hata moja haikuanguka. (Bilauri zenyewe zilikuwa za mvinyo, na hilo ni shauri lao.) Mwaka 1998 Mercedes-Benz wakatoa S-Class isiyokaa juu ya springi za chuma, bali juu ya mifuko iliyotiwa upepo, hata mashimo ya njia yasimfikie aliyeketi nyuma. Na Toyota Crown imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1955, na jina lake maana yake ni taji.

Nyingi katika motokaa hizi hazifiki pwani yetu zikiwa mpya. Huteremshwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam zimekwisha kutumika Japani, ambako usukani huwa kuliani kama huku. Na serikali ya Kenya haiipokei ile iliyopitisha miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa ajili hiyo mtu wa kadiri huweza kununua taji lililovuliwa na tajiri wa mbali. Na hapa ndipo penye mtego, kwani bei ya kuinunua imeshuka, ama gharama ya kuiweka haikushuka.

Wenye kuzimiliki wakisikilizwa, khabari zao hukaribiana. Husifu ukimya kwanza. Husema kuwa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo huondoka Mombasa baada ya Alfajiri, akakata njia ya Nairobi, nayo ni karibu kilomita 480, akafika na mgongo wake mzima. Na kisomo cha Kurani akakisikia herufi kwa herufi, kila makhraji mahali pake. Haya ni manufaa ya kweli, wala hayapasi kubezwa na asiyeumwa. Kisha huja malalamiko. Tumbo la motokaa ni la chini, na matuta ya barabarani hulikwaruza. Hewa ya chumvi hula bati na nyaya. Mifuko ile ya upepo ikizeeka huvuja, na mwenyewe akitoka asubuhi huikuta imepiga magoti kama ngamia, haiinuki mpaka aitwe fundi; na fundi akija huomba kipuri ambacho bei yake yatosha kulisha nyumba miezi mitatu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale haipiti illa kwa kukunja vioo vya pembeni na kumwomba mwenye mkokoteni arudi nyuma.

Lakini liko jambo la tatu ambalo wao hawalitaji kwa sifa wala kwa lawama, nalo hujitokeza katikati ya maneno. Husema kuwa tangu waipate wamekuwa na khofu. Huyu akiwa katika saffu siku ya Ijumaa sikio lake liko nje, kwani watoto wanacheza mpira karibu na alipoiegesha. Yule huiacha nyumbani akaenda sokoni kwa tuktuk, asije akapata mkwaruzo. Mwengine hawapandishi watoto wake mwenyewe wakitoka pwani, kwa sababu ya mchanga. Mtu kama huyu amemiliki au amemilikiwa?

Ama hukumu, asili ya jambo hili ni uhalali. Mwenyezi Mungu katika Sura an-Nahl amewataja farasi na nyumbu na punda kuwa ni vya kupandwa na kuwa ni pambo pia, kisha akataja kuwa huumba tusivyovijua. Basi pambo la kipando limetajwa pamoja na neema, halikutajwa pamoja na maovu. Na Bwana Mtume, katika hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas, amekihisabu kipando chenye raha katika mambo manne ya saada ya mtu, pamoja na mke mwema na nyumba ya wasaa na jirani mwema. Na alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, hakumkemea, bali alieleza kuwa Mwenyezi Mungu hupenda uzuri, na kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim, na katika jambo hili ndiyo nguzo.

Katika madhihabi ya Imamu Shafi'i, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj, mlango wa Hajri, kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwenye kutoa mali yake katika vyakula na mavazi yasiyolingana na hali yake hahisabiwi kuwa ni mbadhirifu, kwa kuwa mali imewekwa ili ipate kustareheshea. Wenye kuisherehesha wakatoa sharti, nayo ni kwamba mwenye kukopa ili ajifaharishe, hali hana tegemeo la kulipa, hilo ni haramu juu yake. Sharti hili ndilo linalowaangukia watu wengi wa zama hizi. Mtu huchukua mkopo wenye riba, akanunua kitu kinachopungua thamani kila uchao, kisha akawa hapokei simu ya mwenye duka anayemdai unga na mchele. Bwana Mtume ameita kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Na ni shahidi gani wa uwezo aliye mkubwa kuliko ile iliyoegeshwa mlangoni?

Farasi wa zamani alikuwa na hukumu ile ile. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yule yule, na majani alayo ni yale yale. Wa kwanza amemfunga katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wa pili amemfunga ili ajitosheleze asiwaombe watu, wala hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Wa tatu amemfunga kwa fahari na riya na uadui. Basi anayetaka kujua hukumu ya motokaa asimwulize mwenye duka la motokaa bei yake.

Kiburi kwa hivyo hakimo katika ngozi ya viti. Hutazamwa pale penye kuikataa haki na kuwadharau watu, na barabara ni mahali pa kukidhihirisha kuliko pengine popote. Mvua ya masika ikinyesha, maji yakasimama njiani, mwenye kupita kwa kasi akawarushia matope wanawake na watoto wa chuoni, huyo amedharau watu, hata ikiwa anaendesha motokaa kuukuu ya kukodi. Mwenye kuegesha mlangoni mwa msikiti akaziba njia, jeneza likakosa pa kupita, ameikataa haki. Mwenye kumpigia honi mzee avukaye polepole, na akumbuke wasia wa Luqman kwa mwanawe, kuwa na wastani katika mwendo na kuishusha sauti, na mfano wa sauti mbaya uliotajwa hapo. Na akigonga, mafakihi wamesema wazi kuwa aliye pamoja na mnyama hudhamini alichokiharibu, roho na mali, usiku na mchana. Seuze aliyeshika usukani wa chuma kisichokuwa na akili yake?

Wala asifurahi mwenye kutembea kwa miguu. Kudharau watu hakuna upande mmoja. Mwenye kuketi barazani akimhukumia kila apitaye na motokaa nzuri kuwa ni mwizi au mla rushwa, hali hajui chumo lake, naye amewadharau watu, na pengine zuhudi yake ni husuda iliyovaa kanzu. Alipotoka Qaruni mbele ya watu wake katika pambo lake, walioitamani dunia walisema lau wangalipewa mfano wake. Na siku ya pili yake, alipodidimizwa, wakashukuru kwa kunyimwa. Hao hawakuwa na mali, na mioyo yao ilikuwa imekwisha kupanda pamoja naye.

Wako wasemao, na kauli yao haikosi nguvu, kuwa mfanya biashara au mwanachuoni akipanda kitu dhalili hudharauliwa, na neno lake hudharauliwa pamoja naye. Na kuwa imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu hupenda kuiona athari ya neema yake juu ya mja wake. Ni kweli. Lakini athari ya neema haionekani kwa rangi ya bati peke yake. Huonekana pia kwa mfanyakazi aliyelipwa kwa wakati wake. Na imesimuliwa katika vitabu vya tarikhi kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sham aliletewa farasi wa kifahari, akampanda, farasi akaanza kujinata katika mwendo wake. Umar akateremka, akasema kuwa ameiona nafsi yake imebadilika, akarejea kwa ngamia wake. Hakusema kuwa farasi yule ni haramu juu ya watu wa Sham. Alijipima yeye, akateremka. Swali la kila mwenye kumiliki ni hilo: je, yuaweza kuteremka? Ikiuzwa kesho kwa dharura ya mwanawe mgonjwa, atasitasita?

Pana hadithi nyingine katika Muslim, ya Abu Said al-Khudri, ambayo haisomwi sana katika khabari za motokaa, nayo ni ya kusomwa. Walikuwa safarini, Bwana Mtume akaamrisha kuwa mwenye mgongo wa ziada, yaani kipando kilichomzidi haja, amfae kwacho asiyekuwa na kipando. Akataja na masurufu vivyo hivyo, akataja na aina nyingine za mali, hata Sahaba wakaona kuwa hapana mmoja wao mwenye haki katika ziada. Motokaa ya fahari ina viti 5. Mmoja hukaliwa na mwenyewe, na vinne huenda na kurudi vikiwa vitupu, baridi ya kiyoyozi ikivipulizia. Jirani mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku, mwalimu wa chuo arudiye kwa miguu adhuhuri, maiti anayengojewa mazikoni na jamaa zake hawana nauli: hao ndio wenye haki katika ziada ile. Kama mchanga wa miguu yao utachafua zulia, zulia hufuliwa.

Imebaki mas'ala moja, nayo hunyamaziwa. Motokaa ya kutumia mtu mwenyewe haina Zaka, na kwa hilo wenye mali hupumua. Ama katika mlango wa Haji wanavyuoni wa Kishafi'i wameeleza kuwa mtu halazimishwi kuuza nyumba yake ya kukaa imfaayo. Lakini ikiwa ni ya fahari isiyolingana na hali yake, na akiibadilisha kwa imfaayo hubaki cha kumtosha Haji, basi Haji humwajibikia, ijapokuwa ameizoea. Motokaa hukisiwa juu ya nyumba. Basi yule asemaye kila mwaka kuwa hajapata uwezo na achukue karatasi, aandike bei ya motokaa aliyo nayo, na chini yake bei ya motokaa ya kadiri yake, atoe moja katika nyingine. Akikuta kuwa kinachobaki kinamfikisha Makka na kumrudisha, na masurufu ya watu wake yamo, Haji imekwisha kuwa juu yake. Na ijapokuwa kwa Imamu Shafi'i yaweza kuakhirishwa, mwenye kuiakhirisha akafa kabla ya kuhiji amekufa hali ni mwenye kuasi, na Haji hutolewa katika tirka yake kabla ya kugawanywa urithi, na motokaa imo katika tirka.

Wallahu aalam.