Riba, Ada na Mkopo wa Maskini

Uislamu umeharamisha riba, na katika sura ya Al-Baqarah katazo hilo limefuatana na agizo la kumpa muhula mdaiwa aliyekwama. Tangu mwanzo, basi, suala la riba ni suala la mnyonge: mambo yakiharibika, mzigo uwe wa nani?

Waislamu wengi wa kipato cha chini Afrika Mashariki walikaa mbali na benki kwa sababu mbili, imani na ukosefu wa dhamana. Ya kwanza imepatiwa jibu. Nchini Kenya, benki za Kiislamu za First Community Bank na Gulf African Bank zilifungua milango mwaka 2008. Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Kwa mkataba wa murabaha, benki hununua cherehani, kisha humuuzia fundi kwa awamu, kwa faida iliyotajwa wazi. Bei ikishakubaliwa, deni halipaswi kuzaa.

Ila murabaha nayo huhitaji dhamana, na mama lishe hana hati ya kiwanja. Simu ndiyo iliyomfikia. Huduma ya fedha ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini. Hiyo ni neema ya kutuma na kuweka fedha. Kukopa ni jambo lingine. Huduma ya mikopo ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilikopesha bila dhamana kwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na malipo hayo yakaitwa ada.

Je, jina hilo linatosha kuyahalalisha? Ada ya haki hulipia kazi iliyofanyika. Kukopesha shilingi 500 kwa simu na kukopesha 5,000 ni kazi ileile, lakini kwa kiwango hicho mkopaji wa kwanza alitozwa 37.50 na wa pili 375. Malipo yanayokua pamoja na deni ni riba, yaitwe vyovyote.

Upatu wa wanawake mitaani hauna kasoro hiyo, maana kila mmoja hupokea kwa zamu kiasi kilekile alichochanga; udhaifu wake ni kwamba ugonjwa hausubiri zamu. Pengo hilo lingezibwa na karadha hasana, mkopo unaorudishwa bila nyongeza, na zaka yenyewe ina fungu la wadaiwa. Benki za Kiislamu zitenge fedha kwa ajili hiyo, na mama lishe awe wa kwanza kukopeshwa.